Samaki Hajibu Samansi

Mume wangu alikuwa karani, na karani wa siku zile alikuwa mtu. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Viti walivyoacha Wazungu maofisini vilikuwa vimepata watu wapya, na yeye alipata kimoja, kidogo, cha pembeni karibu na kabati ya mafaili. Lakini ungemwona akirudi nyumbani jioni, kalamu mbili mfukoni, ungedhani ndiye aliyekwenda London kuuleta Uhuru wenyewe. Kalamu moja haikuwa na wino. Mimi najua kwa sababu shati nililifua mimi.

Mimi nilikuwa mshonaji. Tulipanga vyumba viwili Kisumu mjini, na cherehani yangu niliiweka dirishani ili wapita njia waone kazi. Ilikuwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na aliyeninunulia ni mama yangu kabla sijaolewa. Mama alikuwa akichukua samaki, omena na ngege, kwa wavuvi wa Dunga asubuhi, anapanda basi na beseni lake mpaka soko la Otonglo, anauza, halafu anarudi kwake Kisian akinuka ziwa. Miaka mingi alifanya hivyo, na cherehani ndiyo iliyotoka katika harufu ile. Siku aliponipa aliniambia, "Nyathina, mwanangu, mwanamume anaweza kukufukuza na nguo ulizovaa tu. Hii ni ya kushona zingine."

Nyumba yetu ilikula kutoka kwa cherehani hiyo. Sare za shule, marinda ya kwaya, suruali za walimu, vyote vilipita chini ya sindano yangu. Mshahara wa mume wangu nao ulikuwepo, sisemi haukuwepo. Ulitosha heshima yake. Unga haukutosha.

Sasa mjini palikuwa na duka kubwa la samani ambalo lilikupa kitu leo ukalipa kidogo kidogo kila mwezi. Mwenzake wa ofisini alichukua kabati huko, na mume wangu akakosa raha. Wiki mbili alizungumza habari ya kabati ya mtu mwingine. Halafu jioni moja nikasikia mkokoteni, nikachungulia, nikamwona anatembea mbele yake kama kiongozi wa maandamano. Alikuwa amemwambia mwenye mkokoteni azunguke kwa njia ya bombani, mahali wanawake wote huteka maji, ilhali njia fupi ilikuwepo.

Ilikuwa gramafoni. Si ile ya tarumbeta. Hii ilikuwa kubwa, ya mbao inayong'aa, redio na mahali pa santuri ndani ya sanduku moja lenye miguu minne. Ukiilaza ungezika mtu mzima ndani yake. Iliingia chumba cha mbele, na kiti kimoja ikabidi kitoke nje. Niliambiwa nishone kitambaa cha kuifunika, chenye maua, nami nikashona, bure.

Basi nyumba yetu ikawa baraza. Wanaume walikuja kusikiliza magitaa, wakakunja mikono ya shati, wakacheza katika nafasi ndogo iliyobaki kati ya gramafoni na mimi. Walikunywa soda. Soda ile ilitoka kwenye suruali za walimu, lakini sifa zilimwendea mwenye gramafoni. Mimi nilikanyaga cherehani yangu polepole, maana niliambiwa inaharibu muziki.

Baada ya miezi michache gramafoni ikashikwa na mafua. Ilikoroma, ikakwaruza, mwimbaji akasikika kama mtu anayezama. Mume wangu akaenda dukani kulalamika. Wakamwambia kutengeneza ni juu yake. Akawaambia, basi, na kulipa ni juu yenu. Akarudi ameshinda. Nilimuuliza kama ameandika mahali popote kwamba amekataa kulipa kwa sababu kitu ni kibovu. Akasema maneno ya mwanamume hayahitaji kuandikwa. Huyu ni mtu aliyelipwa kila mwezi kwa kazi ya kuandika.

Duka liliandika barua. Yeye alizikunja vizuri, akaziweka chini ya mguu mmoja wa gramafoni uliokuwa mfupi, na kwa kweli ikatulia.

Halafu ikaja samansi. Aliyeileta alikuwa mzee mmoja wa korti mwenye kaptula ya kaki na baiskeli. Alipopiga hodi, mume wangu akaruka nyuma ya pazia la chumba cha kulala, akaniambia niseme amesafiri kwenda Busia. Nikasema amesafiri kwenda Busia. Yule mzee akaangalia chini ya pazia, akaona viatu vyeusi vilivyopakwa rangi vizuri, na ndani ya viatu miguu. Hakubisha. Aliweka karatasi juu ya cherehani yangu akasema, "Mama, mwambie bwana wa viatu hivi ajibu kortini kabla siku zilizoandikwa hapa hazijaisha. Akiwa na neno lake, aliandike alete. Asipojibu, korti itaamua bila yeye." Alisema kwa Kiswahili, halafu akarudia kwa Dholuo ili hata viatu visikie.

Mume wangu alipotoka nyuma ya pazia aliisoma samansi kwa sauti, kwa Kiingereza, amesimama. Alisoma vizuri sana. Wanaume wa soda walikuja jioni, akawasomea tena, wakatikisa vichwa.

"Nitajibu nini?" akasema. "Kujibu ni kukubali. Mtu akikutukana njiani nawe ukageuka, si umekubali hilo jina ni lako?"

Wote wakasema kweli. Hii ndiyo inayoniudhi mpaka leo: neno alikuwa nalo. Wamemuuzia kitu kibovu, wamekataa kukitengeneza. Mistari miwili tu, na kalamu ile yenye wino. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini hata asiyetaka kulipa ana mdomo wa kusema kwa nini. Nikamwambia hivyo. Akaniambia, "Wewe shona."

Ndipo alipokumbuka mila. Baba yake mdogo aliitwa kutoka nyumbani, akaja na fimbo na koti la baridi katika joto la Kisumu. Sasa, mimi sicheki mila. Kwetu mtu akikudai huendi kubishana naye mwenyewe. Unatuma wazee. Wazee wanafika na kitu mkononi, wanakaa, wanazungumza habari ya mvua na ng'ombe, wanakula, na kule kula pamoja ndiko kunakozima moto. Nimeona ndugu waliotaka kukatana kwa sababu ya shamba wakapatana kwa njia hiyo. Ni mila nzuri. Tatizo ni kwamba korti haikuwa imeambiwa.

Mama yangu aliagizwa ngege kutoka Dunga, yule mnene wa kumpa mkwe. Aliyelipa ni mimi. Asubuhi wazee watatu wakaondoka kwenda dukani, samaki amefungwa kwenye gazeti, mkia unachungulia. Saa sita walirudi wakiwa wamenyooka migongo.

"Mambo yameisha," baba mdogo akatangaza. "Ametupa viti. Ametupa chai ya maziwa. Amepokea samaki yetu kwa mikono miwili, ameuliza habari ya mvua huko kwetu."

"Amesema ataondoa kesi, baba?" nikauliza.

Aliniangalia kama nimetema mate ndani ya nyumba. "Mtu amepokea samaki yako, halafu umuulize tena habari ya kesi? Hiyo ni matusi, mama."

Kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Walikaa pale dukani tangu asubuhi, mdai na wadaiwa, wakanywa chai kati ya makabati yanayouzwa, na kwa adabu tu hakuna hata mmoja aliyetaja deni. Mwenye duka naye alikuwa mtu wa adabu.

Nilikumbusha habari ya siku zilizoandikwa. Nilikumbusha asubuhi, nilikumbusha wakati wa chakula. Mume wangu alisema mimi sielewi mambo ya wazee. Siku zikaisha. Korti ikaamua bila yeye, kama yule mzee wa baiskeli alivyosema kwa lugha mbili. Alipe lote pamoja na gharama za kesi, na asipolipa mali yake ichukuliwe iuzwe.

Baadaye sana ndipo tulipojua kwamba mwenye duka, kwa dini yake, hajawahi kula samaki tangu azaliwe. Alimpokea kwa heshima, akampa mlinzi wa mlangoni. Mlinzi ndiye aliyekula ngege wetu, na mlinzi hakuwa ametushtaki.

Ungedhani sasa mume wangu atarudisha gramafoni. Ilikuwa inakoroma, hata wanaume wa soda walikuwa wamepungua. Lakini alisema afadhali afe kuliko majirani waione ikitoka. Akaamua kuificha kwa mama yangu Kisian.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, alikodi pikapu ya mtu wa samaki. Tukailaza gramafoni nyuma, tukaifunika shuka nyeupe, tukakaa kando yake, mimi upande huu na yeye upande ule. Kukopa harusi, kulipa matanga: nilikuwa nikiisikia methali hiyo tangu utotoni, lakini sikujua kwamba matanga yenyewe yatatukuta Otonglo. Pikapu ilipunguza mwendo pale sokoni, na watu wakaona kitu kirefu chini ya shuka nyeupe na sisi wawili tumeinamisha vichwa. Wanaume wakavua kofia. Mama mmoja muuza viazi akaweka mikono kichwani akaanza kulia, akauliza ni nani huyo jamani. Mume wangu, badala ya kusema ni gramafoni, akavua kofia yake pia. Mama yule akalia zaidi. Mpaka tunafika Kisian nilikuwa nimejing'ata mdomo, nusu kwa kicheko, nusu kwa hasira.

Mama yangu alitutazama, akatazama shuka. Alisema mahali pekee ambapo mgeni hawezi kuchungulia ni chumbani kwake, nyuma ya kitanda. Hapo mume wangu akasimama. Kwetu mkwe hakanyagi chumba anacholala mama mkwe wake, hata nyumba ikiungua. Anakaa kiti cha nje au cha chumba cha mbele, anasalimia kwa mbali, anaondoka. Akiingia kule ndani, ni aibu isiyo na dawa. Basi dereva, mama na mimi ndio tulioibeba, yeye akitoa amri kutoka uani: polepole, kushoto, msiguse mlango. Mali yake ikalala mahali ambapo miguu yake haifiki, naye akarudi mjini akipiga mluzi.

Dalali wa korti alikuja wiki ile ile. Alitafuta gramafoni, hakuiona. Aliona meza, viti vya mbao, sufuria. Halafu akaona dirishani.

Ilikuwa Januari. Shule zilikuwa zinafunguliwa. Nilikuwa na vitambaa vya sare vimejaa kikapu, wazazi wameshanipa nusu ya pesa, na zile nusu zimeshaliwa. Bila cherehani ningekuwa mwizi mbele ya mji mzima, na watoto wangu wangelala njaa. Nilimwambia dalali cherehani ni yangu. Akasema, "Mama, wote husema hivyo." Kulikuwa na kola ya shati bado chini ya sindano. Nikakata uzi, nikaitoa, wakaibeba cherehani. Mume wangu alikuwa ofisini, akiandika. Nilikaa pale dirishani nikalia mpaka macho yakavimba, na sioni haya kusema.

Kesho yake nilikwenda kortini mwenyewe. Niliuliza kwa kila meza, nikaelekezwa mlango huu, nikaelekezwa ule, mpaka karani mmoja akaniambia kwamba mali ya mke haiuzwi kwa deni la mume. Nije mbele ya hakimu niseme ni yangu, na hakimu atamuuliza mume wangu.

Nilitoka pale nikiwa na furaha, nakuambia kweli. Kumuuliza mume wangu? Si anajua? Si alikuta cherehani kwetu siku ile alipokuja kuposa, akasifu hata magurudumu yake?

Siku ya kusikizwa alivaa suti. Baba mdogo alikuja na koti lake, na wenzake wawili wa ofisini wakaomba ruhusa wakaja kusikiliza. Hakimu alikuwa kijana, mpole. Nilimweleza jinsi mama alivyouza samaki, jinsi alivyoninunulia. Akamgeukia mume wangu.

"Cherehani hii ni ya nani?"

Neno moja tu lilitakiwa. Nilimtazama usoni. Aliangalia benchi walikokaa wenzake. Baba mdogo akakohoa. Mume wangu akavuta koti lake chini, akasema kwa Kiingereza, na mkalimani akanipa kwa Kiswahili: "Mheshimiwa, mimi ndiye mwenye nyumba. Kila kitu ndani ya nyumba ile ni changu."

"Na gramafoni?" hakimu akauliza.

"Hiyo ilipotea."

Hakimu akaniuliza kama nina la kuongeza. Ningeweza kusema: Kisian, chumbani, nyuma ya kitanda. Angelala ndani siku hiyo hiyo, na suti yake. Nilisema sina. Nilimfunika mtu aliyetoka kunivua nguo mbele ya watu. Uchungu ule sikuupata hata siku za kuzaa.

Hakimu akasema, mke amesema, mume amekana, cherehani ibaki kwa dalali iuzwe. Tulipotoka nje mume wangu alinishika bega. "Usihuzunike," akasema. "Nitakuchukulia nyingine mpya. Kuna duka jingine wanatoa kwa kulipa kidogo kidogo."

Nilikwenda moja kwa moja kituo cha basi, nikaenda Kisian. Mama alikuwa anaanika omena. Nilimweleza yote nimesimama. Aliendelea kutandaza mpaka wakaisha, akafuta mikono.

"Alisema nyumba ile?"

"Alisema nyumba ile."

"Basi nyumba hii si ile," mama akasema.

Asubuhi nilimwendea dalali. Nilimuuliza, nikikuonyesha kitu chenyewe kilichodaiwa, utanirudishia changu? Akaenda kumuuliza mwenye duka. Mwenye duka akasema yeye hakuwahi kutaka cherehani ya mtu, anataka gramafoni yake au pesa zake, na ikirudi basi ameridhika. Hata alituma salamu kwa wazee. Dalali akapakia cherehani kwenye lori lake, nami nikapanda mbele.

Nani alimwambia mume wangu sijui. Nadhani ni Otonglo, maana pale walinikumbuka, na yule mama wa viazi alinipungia mkono akidhani naenda kwenye arobaini. Tulikuwa tumeingia chumbani kwa mama, dalali na mtu wake wameshika miguu ya gramafoni, tuliposikia baiskeli ikianguka uani.

"Isitoke!" mume wangu akaita kutoka nje. "Hiyo ni mali yangu!"

Majirani walishaanza kukusanyika. Mama yangu akasogea mpaka mlango wa chumba chake, akaliinua pazia, akaliinua juu kabisa ili aone kitanda, aone sanduku la nguo zake, aone gramafoni. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayekaribisha mgeni.

"Mkwe wangu. Kama ni yako, ingia uichukue."

Alifika mpaka kizingiti cha mlango wa mbele. Jasho lilikuwa limelowesha shati, kalamu zote mbili zimelala upande. Alitazama ndani, akatazama miguu yake. Ningekuwa mwongo nikisema mume wangu hakuwa na heshima. Mbele ya hakimu aliniuza kwa Kiingereza, lakini kizingiti cha pazia la mama mkwe hakukivuka. Akavua kofia, akageuza uso, na gramafoni ikapita kando yake ikaenda kwenye lori.

Dalali akateremsha cherehani, akaniuliza kama arudi nayo mjini, kwa kuwa lori linakwenda huko huko.

"Hapana," nikasema. "Iweke pale ilipotoka gramafoni."

Ikakaa chumbani kwa mama yangu, nyuma ya kitanda, karibu na dirisha dogo. Sikumwacha mume wangu. Watu walitegemea nimwache, nikawanyima. Kila asubuhi nilipanda basi kwenda Kisian kushona, jioni nikarudi kupika katika nyumba ile ambayo kila kitu ni chake. Sare za Januari nilizimaliza, hakuna mzazi aliyenidai. Dirisha letu la mjini lilibaki tupu, na kila aliyepita alimuuliza mume wangu iko wapi cherehani.

Mwisho wa mwezi wa pili suruali yake ya kazi ilichanika nyuma. Alikaa nayo siku kadhaa akitembea ameegemea kuta. Jumamosi nikaona kupitia dirisha dogo anaingia uani Kisian na mfuko. Alikaa kiti cha nje. Mama akapokea mfuko, akaniletea chumbani, nami nikashona mshono ule mara mbili ili usiachie, maana kazi ni kazi. Mama akamtolea suruali, akamtajia bei.

"Nitaleta mwisho wa mwezi, mama," mume wangu akasema.

Mama alirudisha tu suruali ndani, akashusha pazia. Nikasikia sarafu zinawekwa juu ya kiti, moja moja, mpaka zikatimia.